Kipande cha Mazoezi

"Dada, samahani. Hicho ulichokalia, unauza?"

Mwanamke aliyeulizwa alikuwa anapima korosho za kukaanga kwa kikombe. Mkono wake ukasimama hewani. Wauza nyanya wa jirani nao wakanyamaza. Soko la Loliondo pale Kibaha lina kelele za kila aina Jumamosi asubuhi, lakini swali kama hilo halisikiki kila siku.

"Umesemaje, kaka?"

"Ulichokalia. Nakitaka."

"Makubwa!" Muuza nyanya mmoja akapiga kofi. "Raudha, umepata mteja leo! Mwenzetu haoni korosho, anaona ulichokalia!"

Kicheko kikapita meza hadi meza. Hapo ndipo Hashiru alipojisikia alivyosema, na masikio yakamchoma. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, ndani ya ovaroli ya buluu iliyojaa vumbi la pumba, kwa sababu alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha chakula cha kuku alikokuwa mtunza stoo. Ukimtazama, hakuwa mtu aliyekuja sokoni kutongoza.

"Gogo," akasema. "Nasema hilo gogo, dada yangu. Naomba uinuke nilione."

Raudha akainuka taratibu. Alikuwa mwanamke wa maji ya kunde, amevaa dera la rangi ya machungwa na mtandio mweupe uliofungwa nyuma ya shingo kama mtu mwenye kazi. Akaweka mikono kiunoni akamtazama mwanamume mzima anapiga magoti mbele ya meza yake na kupapasa mti kwa kidole gumba.

"Halina ufa," Hashiru akanong'ona.

"Lipate ufa kwa nini? Sijalipiga."

"Ya kwangu yote yanapasuka. Nikikata leo, wiki ijayo nakuta yameachama kama mamba. Hili una muda gani nalo?"

"Tangu nianze biashara. Labda linaniogopa."

Hashiru hakucheka. Aligeuza gogo, akalitazama upande wa chini, halafu akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Limepasuliwa! Hili ni nusu! Kiini cha katikati hakimo! Sasa nimeelewa ukurasa ule!"

"Ukurasa gani tena, baba?"

"Wa kitabu. Kimeandika utoe kiini kwanza, mti usipasuke. Mimi nilisoma, sikuelewa."

"Kwa hiyo wewe unachoma mkaa?"

"Nakereza."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unajua vile vitanda vya zamani, vyenye miguu ya mviringo, imevimba hapa, imebana pale? Mti unafungwa kwenye mashine, unazunguka, na wewe unashika patasi tu. Ndiyo kukereza."

Raudha alisahau mteja aliyekuwa anasubiri korosho zake. "Na nani amekufundisha?"

"Simu," akasema Hashiru.

Na kweli ilikuwa simu. Jioni moja alikuwa anatafuta matokeo ya mpira, ikajileta yenyewe video ya mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, wa nchi ya baridi, amefunga gogo bichi kwenye mashine. Gogo likazunguka, maganda yakatoka marefu kama utepe, na kabla Hashiru hajamaliza chai yake gogo lilikuwa bakuli. Aliirudia hadi kifurushi kikaisha. Hakuelewa kitu gani kimemshika. Alijua tu kwamba anataka kujua: patasi inashikwaje, kwa nini haimrukii mzee usoni, mti unajuaje kuwa umetosha.

Akaandika chini ya video, kwa Kiingereza chake cha kuchechemea, kuuliza mtu anayeanza asome kitabu gani. Watu wasiojuana, mmoja huko, mwingine kule, wakamtajia vitabu vilevile viwili. Kimoja alikipata kwenye simu. Cha pili alikisaka kwa wauza vitabu vya mitumba mjini Dar es Salaam hadi akakiona, kimechakaa, kimetoka jalada. Alisoma na kamusi pembeni. Mashine aliiunda mwenyewe kwa mota ya kichanganyio kilichotupwa kiwandani, akisaidiwa na Evodius, fundi umeme wa pale, aliyekuwa akimwambia kila siku, "Hashiru, oa. Hii yote ni upweke."

Tatizo lilikuwa miti. Vitabu vilisifia mti wa tufaha na mti wa cheri. Hashiru hakuwa na tufaha. Alikuwa na mwembe, mfenesi na maswali.

"Siuzi kigoda changu," Raudha alimwambia siku ile. "Ila kwetu Masaki kuna mikorosho mizee imeng'olewa. Watu wanachomea mkaa. Nikuletee kipande?"

"Masaki ile ya mabalozi?"

"Masaki ya Kisarawe! Ningekuwa wa Masaki ya mabalozi ningekuwa hapa na kikombe cha plastiki?"

Hashiru akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Raudha akaona meno yaliyopangika vizuri na akaona aibu ya kijana ndani ya mtu mzima. Akampa namba ya simu bila kujiuliza mara mbili.

Kipande kilifika nyuma ya bodaboda, kimefungwa kwa mpira, kizito kuliko mbuzi. Hashiru akapiga simu palepale.

"Kimefika, bibie."

"Kina ufa?"

"Hakina. Nimekipasua katikati, nimetoa kiini. Nimekipaka nta kwenye ncha kama kitabu kinavyosema."

"Na kitabu kinasema umshukuruje aliyekuletea?"

"Hiyo sura sijaifikia."

"Wahi kuifikia, Nshomile." Hilo ni jina wanaloitwa watu wa Bukoba wakijifanya wasomi, na Hashiru, aliyetoka Muleba, alikuwa amelisikia maisha yake yote. Kutoka kwa Raudha lilisikika tofauti.

Siku za soko Raudha alilala Tangini kwa dada yake Mwamini, mitaa miwili kutoka kwa Hashiru. Siku nyingine alikuwa Masaki kwa bibi yake, Bibi Biubwa, aliyemlea. Kwa hiyo mapenzi yao yalikwenda kwa simu, na simu zenyewe hazikuwa kama za wapenzi wengine. Jioni baada ya kula, kila mmoja alifungua video ileile kwake, simu ya pili ikiwa sikioni. Raudha aliazima ya bibi.

"Umefika wapi?" anauliza Hashiru.

"Mzee anavaa miwani."

"Mimi ameshavaa. Ngoja nisimamishe."

"Ananoa sasa. Hashi, anasema nini hapo?"

"Anasema patasi butu ndiyo inayoua. Kali haina shida."

"Mbona anaibembea hivyo kwenye jiwe?"

"Sijui. Kitabu kinasema uzungushe kiganja. Lakini yeye anazungusha kiuno."

"Basi kumbe ni ngoma." Akacheka. "Siku nyingine nikuone wewe unavyozungusha."

Wakawa wanasimamisha video na kuendelea na mengine. Raudha aliuliza kila kitu. Kwa nini mti mbichi unakata laini kuliko mkavu? Kwa nini utomvu wa korosho unachoma ngozi na mbao yake haichomi? Hashiru hakuwa na majibu yote, na hakuona haya kusema hajui. Jambo hilo Raudha alilipenda kuliko sauti yake. Wanaume aliowajua waliona kutojua ni ugonjwa.

Siku moja alikuja bandani kwake Tangini kuona mashine kwa macho. Alivaa sketi ndefu ya jinzi na blauzi ya maua, manukato yake yakashindana na harufu ya mbao. Hashiru akampa miwani mikubwa ya plastiki.

"Nimekuwa kama panzi," akasema Raudha.

"Panzi mzuri. Simama nyuma ya mstari."

Akawasha. Mota ikanguruma, mkanda ukapiga kelele, kipande cha mkorosho kikageuka ukungu wa rangi ya chai. Hashiru akasogeza patasi. Maganda yakaanza kuruka, yakatua begani kwake, yakatua kwenye mtandio wa Raudha. Kisha patasi ikang'ata mti, pakalia paa! na kipande kikachomoka, kikapiga bati la ukuta na kuanguka miguuni mwao.

Raudha alikuwa amemshika mkono wa shati.

"Hiyo ipo kwenye kitabu?" akauliza.

"Ipo. Sura ya tatu. Wameipigia mstari."

Walicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia. Raudha alipotaka kuondoka, Hashiru alimtoa maganda kwenye mtandio, moja moja, bila haraka, na yeye akasimama atolewe.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamsumbua Hashiru. Raudha, mwanamke wa maswali, hakuwahi kumuuliza kama ana watoto.

"Mbona hujaniuliza?" alimwambia siku moja kwenye simu.

"Wewe mbona hujaniuliza mimi?"

"Mimi sina. Nakuuliza sasa, wewe unao?"

"Sina," akasema, na simu ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe: *Chaji iliisha.* Hashiru aliona wazi ni uongo, lakini hakujua ni uongo wa kuficha nini. Alijua Raudha aliwahi kuolewa Chole akaachika. Zaidi ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Yeye mwenyewe aliwahi kuoa Muleba, ndoa ikafa bila ugomvi, kama taa inayoishiwa mafuta. Hakupenda kuchimba ya watu.

Aliamua kumpa zawadi badala ya maswali.

Kitabu cha pili, kile kisicho na jalada, kina zoezi ambalo kila mwanafunzi lazima alifanye kabla hajaruhusiwa kugusa bakuli. Ni kipande cha urefu wa kiganja na vidole. Mwili unyooke sawasawa, katikati pawe na pete zilizovimba kama shanga, juu kuwe na shingo nyembamba, halafu kichwa cha duara. Hashiru alikuwa ameharibu vipande visivyo na idadi. Shingo zilikatika, pete ziling'atwa. Jioni hiyo hakuna kilichong'atwa. Patasi iliimba tangu mwanzo hadi mwisho. Akazima mota akabaki anakitazama kama mtu aliyezaa.

Kasoro ilikuwa moja. Kichwani palibaki kishimo cha ile ncha ya mashine inayoshika mti. Kukata kichwa kungekifanya bapa, kibaya. Basi akachukua msumeno mdogo akatoa mfereji katikati ya kichwa. Kishimo kikaondoka, na pakabaki vilima viwili vidogo, kimoja kila upande. Akakiona kimependeza zaidi ya cha kwenye kitabu. Akakipiga msasa, akakipaka mafuta ya nazi, akakifunga kwenye kitambaa cheupe.

Alimpelekea sokoni, mbele ya watu, kwa sababu alitaka waone.

"Fungua."

"Ni nini, mpenzi?" Raudha alikuwa amevaa vizuri siku hiyo, hina mpya mikononi. Akafungua kitambaa huku akitabasamu. Tabasamu likabaki usoni kwa muda baada ya macho kubadilika, kama mtu aliyesahau kulitoa.

Muuza nyanya akanyoosha shingo, akaona, akageuka haraka kupanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

"Nani amekutuma?" Raudha akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani anitume? Nimetengeneza mwenyewe. Ni chako, ukae nacho."

"Nikae nacho."

"Ndiyo. Ukiwa Masaki peke yako, unakishika, unanikumbuka."

Raudha akakifunga kitambaa vilevile kilivyokuwa. Akamimina korosho zote kwenye mfuko, vikombe juu, akabeba na kigoda chake, akaondoka sokoni asubuhi ile hajauza kitu. Hashiru akabaki amesimama. Alipomuuliza muuza nyanya kuna nini, mama yule alimtazama kama anatazama mbwa aliyemng'ata mtoto. "Mimi sisemi kitu," akasema.

Simu haikupokelewa. Ikapigwa tena, ikakatwa. Kisha ikawa haipatikani.

Mwanamume akiachwa bila maelezo hulewa au huuliza. Hashiru hakuwa mlevi. Alikwenda kwa Mwamini.

Mwamini alifungua geti nusu, mwiko wa ugali mkononi. "Una uso wa kuja hapa?"

"Shemeji, nimekosa nini?"

"Usiniite shemeji. Umempa mdogo wangu nini?"

"Kipande cha mazoezi!"

"Mazoezi ya nini? Ya kumuua? Walishamuua Chole, wewe unafanya marudio?" Geti likafungwa. Kisha likafunguliwa tena, kwa sababu Mwamini alikuwa hajamaliza. "Na usijifanye hukujua!" Likafungwa moja kwa moja.

Lakini hakujua. Na hapo ndipo hasira ya Hashiru ilipozidiwa na tabia yake ya siku zote, ile ya kutaka kujua. Jumapili akaomba ruhusa kazini, akatia kile kitabu kwenye mfuko, akapanda bodaboda kwenda Masaki.

Njia ilipita mihogo, ikapita mikorosho, ikapita viroba vya mkaa vilivyopangwa kando kungoja lori. Nyumba ya Bibi Biubwa haikuwa ngumu kuulizia. Bibi alikuwa barazani juu ya mkeka, khanga mbili mwilini, anabangua korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Bukoba."

"Ndiye mimi."

"Mrefu kweli. Kaa." Hakumpa mkono, ulikuwa mweusi kwa utomvu. Akaita ndani, "Niletee kile kitu!" Pazia la mlangoni likatikisika, mkono wenye hina ukaweka kitambaa cheupe sakafuni na kurudi.

Bibi akafungua kitambaa. "Hii ni nini?"

"Ni kipande cha mazoezi, bibi. Cha kujifunzia."

"Nani amekufundisha?"

Hashiru akatoa kitabu, akafungua ukurasa wenye mafuta ya vidole. Bibi akasogeza macho. Hashiru akatoa na simu, akafungua video. Mzee mwenye ndevu nyeupe akaonekana, pembeni yake kipande kilekile kimesimama mezani: mwili, pete, shingo, kichwa.

Bibi Biubwa akatazama kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka hadi chozi. "Haya weee! Na Wazungu nao wanacheza mwali! Huyu babu na midevu yake, mwali wake nani?"

"Bibi, mimi sielewi."

Bibi akafuta macho kwa ncha ya khanga, na alipomaliza kufuta, kicheko hakikuwepo tena.

"Huku kwetu hiki ni mwana hiti," akasema. "Msichana akivunja ungo, zamani aliwekwa ndani, akapewa mwana wa mti. Anamuogesha, anampaka mafuta, anamsuka. Anajifunza kulea. Tazama: hana mikono, hana miguu, mwili na shingo tu, na kichwani nywele zimegawanywa mafungu mawili. Kama hivi." Akaweka kidole kwenye mfereji ule wa msumeno. "Huu mfereji kwenye kitabu chako sijauona."

"Huo niliutia mwenyewe," akasema Hashiru. "Kuficha kishimo."

"Basi umefika palepale bila kuonyeshwa njia. Sasa sikiliza. Akitoka ndani na kuolewa, yule mwana anawekwa. Akichelewa kuzaa, wengine humrudishia amlee tena, aombe. Kwa siri, kwa huruma. Mjukuu wangu alikaa Chole miaka sita hakupata. Siku ya shughuli kwao, ukumbi umejaa, mama mkwe wake akamletea mwana hiti kwenye sinia, mbele ya watu wote. Akamwambia, 'Mshike mwanao, huyu ndiye utakayemzaa.' Wakapiga vigelegele. Wiki ile akapewa talaka."

Upepo ulitikisa pazia. Hashiru akakumbuka maneno yake mwenyewe pale sokoni. *Ni chako, ukae nacho.* Akaweka kiganja usoni.

"Nimemwambia akae nacho," akasema. "Mbele ya watu."

"Ndiyo. Nimeambiwa."

Pazia likafunguka. Raudha akatoka, khanga moja kifuani, nyingine begani, macho yamevimba. Alikuwa amesikia yote, na ndiyo sababu bibi alikuwa anasema kwa sauti ya juu.

"Nimeona kitabu," akasema. "Hukujua. Basi, nimekusamehe."

"Raudha..."

"Bado. Sasa umejua. Hili ndilo nililokuwa nakatia simu. Nilisema nitakwambia kesho, nitakwambia kesho. Hospitali walinipima, wakasema hawaoni kitu, wakaniambia mume wangu naye aje. Hakwenda. Kwa hiyo sijui. Naweza kuwa mzima, naweza kuwa gogo. Wewe ni mtu mzima, Hashiru, huna mtoto. Unataka au hutaki?"

Bibi Biubwa aliacha kubangua.

Mwanamume mwingine angesema palepale kwamba mtoto si kitu. Ni rahisi kusema, na wanawake wamesemewa sana.

"Sijui nikujibu nini sasa hivi," akasema Hashiru. "Nikijibu sasa, nitakuwa nakubembeleza tu. Niache nikafikiri."

Uso wa Raudha ukawa mgumu. "Nenda kafikiri."

"Nitarudi."

"Wote husema hivyo," akasema, akarudi ndani.

Wiki hiyo Evodius alimkuta mara mbili stoo ameshika ankara moja kwa muda mrefu, hajui anatafuta nini. Bandani mashine haikuwashwa. Alijaribu kuangalia video peke yake, lakini kila mzee alipofanya kitu cha ajabu, hapakuwa na wa kumwuliza umefika wapi. Aliizima.

Alifikiri kama alivyosoma vitabu vyake: polepole, akirudia mstari asiouelewa. Na mstari mmoja ulimrudia hadi akakaa kitandani akausema kwa sauti. Jumapili ilipofika, alikuwa tena nyuma ya bodaboda.

Bibi Biubwa alinyoosha mdomo kuelekea shambani.

Raudha alikuwa chini ya mikorosho, ameinama, ndoo pembeni. Mabibo mekundu na ya manjano yalikuwa yametapakaa, mengine yameanza kuchacha, harufu yake tamu na kali. Aliokota bibo, akanyonga korosho, akatupa kwenye ndoo. Alimsikia akija. Hakuinuka.

Hashiru akavua viatu vya mjini, akainama upande wa pili, akaokota bibo, akanyonga. Maji yakamrukia shati jeupe.

"Litabaki doa," Raudha akasema. "Halitoki hilo."

"Libaki."

Wakaokota. Ndoo ikafika nusu.

"Nimefikiri," Hashiru akasema.

"Sema."

"Mtoto nataka. Nisikudanganye."

Mkono wa Raudha ukasimama juu ya bibo. Kisha ukanyonga. "Endelea."

"Na mimi niliishi na mwanamke Muleba. Hatukupata. Watu walimtazama yeye, na mimi nikakaa kimya. Sijawahi kupimwa, Raudha. Wewe umeniuliza kama nataka. Hukuniuliza kama naweza."

Raudha akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama kwa udadisi uleule wa siku Hashiru alipopiga magoti mbele ya gogo. "Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuuliza. Nilikuja kuuliza mimi, ukanikatia simu."

Kitu kikataka kuwa kicheko kwenye mdomo wake, akakizuia. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikaanza kufikiria nyumba. Nikasema, niiweke nyumba yenye mtoto, wewe humo. Nikajaribu, nikajaribu. Sikuiona. Naona kuta tu. Nikasema, basi niiweke yenye wewe, mtoto hayumo. Hiyo niliiona yote. Niliona banda la mashine nyuma, na wewe umesimama pale unaniambia nimekosea. Niliona mpaka rangi ya mlango."

Raudha akaokota bibo lingine, akaligeuza mkononi. Chozi lilikuwa linashuka na hakulifuta, kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

"Na kweli unakosea," akasema. "Mimi nimeendelea kuangalia. Mzee yuko kwenye bakuli. Wewe kiwiko unakiachia kipepee, yeye anakibana ubavuni. Ndiyo maana kipande kilirukia bati."

"Umeangalia? Na umeninunia?"

"Nimekununia wewe. Mzee sijamnunia."

Hashiru akacheka, na yeye akacheka, mchanganyiko wa kicheko na kilio, ameinama, kiganja juu ya goti. Mbali barazani, kelele za jiwe la Bibi Biubwa zilikuwa zimenyamaza kitambo. Bibi alikuwa anasikiliza.

"Nataka kumleta mshenga," akasema Hashiru. "Nikimleta, utamkimbiza?"

Raudha alibeba ndoo, akamkabidhi, akatangulia kuelekea nyumbani, khanga ikipigwa na upepo. Baada ya hatua chache akageuka.

"Rangi gani?"

"Nini?"

"Mlango. Umesema uliona mpaka rangi."

"Buluu," akasema Hashiru.

Raudha akafikiri, uso mzito, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Buluu sitaki," akasema. "Paka kijani."